Jina la Kufungulia Mashine

Mzazi mwenzangu, kama una mtoto anayefanya kazi ofisini kwenye kompyuta, muulize leo, kabla hujampakulia chakula: mashine zenu zinafunguliwa na nani? Na huyo mtu akifa, nani mwingine anajua? Mimi sikuuliza. Niliishia darasa la saba, nauza ndizi sokoni Kiboriloni, na mpaka mwaka 2001 nilikuwa najua ofisi inafungwa kwa kufuli na inafunguliwa kwa ufunguo, basi. Yaliyonipata nayaandika hapa ili yasikupate na wewe.

Mtoto wangu anaitwa Stella. Ninaye huyo mmoja. Alimaliza kidato cha nne, akasoma kompyuta miezi sita mjini Moshi, akapata kazi kwa Mhindi mmoja anaitwa Zulfikar. Ofisi yenyewe sitaitaja. Kazi yao ni kutengeneza karatasi za malori yanayovuka mpaka pale Holili kwenda Kenya. Lori bila karatasi halivuki, hata kama limebeba vitunguu vinavyooza. Walikuwa na kompyuta sita ukumbini, na moja kubwa ilikaa peke yake chumba cha nyuma. Stella aliniambia hiyo kubwa ndiyo inayozitawala zile sita, na anayeishika hiyo ndiye ameshika ofisi yote.

Aliyeishika alikuwa Leodegar, mtu wa Kirua, juu kabisa karibu na msitu. Mwembamba, mpole, wa kwenda misa ya kwanza. Alikuwa na utaratibu wake. Kila mfanyakazi alimpa ruhusa ya kuingia kwenye mashine kwa mwezi mmoja tu. Mwezi ukiisha na ruhusa inakufa. Tarehe moja asubuhi anaingia chumba cha nyuma, anafunga mlango, anakaa humo kama dakika kumi. Akitoka, wote wameshafunguliwa mwezi mwingine. Zulfikar alipenda utaratibu huo, maana aliwahi kumfukuza karani mmoja na karani akaendelea kuingia kwenye mashine akiwa kwao.

Stella hakuupenda. Siku moja alimwambia mbele ya watu, "Kaka Leo, tupe na sisi hilo neno la siri. Siku ukiugua je?"

"Sijawahi kuugua tarehe moja."

"Utakuja kutufungia nje wewe, tukikuona hivi hivi."

Leodegar akakasirika. Akasema neno lile si la kupewa mtu, na watu wote walisikia.

Basi mwezi wa tisa, tarehe kumi na tisa, Leodegar alifariki. Malaria ilimpanda kichwani, siku tatu tu. Tulimzika Kirua, kwenye kihamba, shamba lao la ukoo, katikati ya migomba. Nilikwenda kama mzazi wa mfanyakazi mwenzake. Nilimwona mjane wake, Mektrida, watu wanamwita Mama Mary, kwa jina la binti yao wa miaka saba. Nilimpa mkono wa pole nikaondoka. Sikumjua zaidi ya hapo.

Tarehe moja mwezi wa kumi ilikuwa Jumatatu. Wafanyakazi wakawasha mashine, mashine zote sita zikawakatalia. Muda wenu umekwisha, mwoneni msimamizi. Msimamizi yuko chini ya migomba Kirua.

Kulikuwa na karani mmoja, Shedrack, mtu wa mzaha. Akasema, "Marehemu alisema hajawahi kuugua tarehe moja. Kweli, leo haumwi."

Jumanne akaja fundi kutoka Arusha, kijana anaitwa Rahul, na diski zake kwenye mkoba. Akahangaika na ile mashine kubwa mpaka saa kumi. Akamwambia Zulfikar, "Mzee, naweza kuifuta ianze upya kama mpya. Lakini kilichomo chote kinakwenda. Kama kuna mtu anajua paswedi ya marehemu, mtafuteni huyo kwanza."

Ndipo Shedrack akasema alimwona Stella amekaa kwenye kiti cha Leodegar, siku moja baada ya mazishi, anapekua droo. Ilikuwa kweli. Mtoto alikuwa anatafuta kama marehemu aliacha karatasi, kwa kuwa tarehe moja alikuwa anaiona inavyokuja. Lakini nani atakuamini? Ulisema utafungiwa, umekaa kwenye kiti, na sasa kumefungwa.

Jumatano Zulfikar alikuja mwenyewe sokoni. Alisimama mbele ya mikungu yangu amevua kofia.

"Mama Stella, shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Mimi sina ubaya na mtoto wako. Lakini malori matano yamelala Holili, madereva wananipigia simu wananitukana. Kama Stella amegusa kitu, aseme. Mimi nitasamehe."

"Hajagusa, baba. Mtoto wangu namjua."

"Kila mama anamjua mtoto wake," akasema taratibu. "Ijumaa jioni isipofunguka, nitakwenda polisi. Nitawaambia waliokuwa karibu na mashine. Nitafanyaje sasa?"

Stella aliporudi alikaa kitandani hakula. Nikamuuliza, "Huyo mke wa marehemu hawezi kujua?" Akasema bosi alishamtuma mtu, mjane akajibu hajui kompyuta ni kitu gani. "Ila mama," akasema, "huyo mtu aliporudi alisema mjane hakusema hajui neno. Alisema hajui kompyuta."

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza, na ninalisema wazi. Asubuhi ya Alhamisi nilikata jani la isale kwenye ua wangu, nikalifunga fundo, nikalitia kwenye kanga. Kwa msomaji asiye wa huku, isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu sana, unampelekea isale, na akipelekewa hawezi kukataa. Atakusamehe hata kama ulimuulia ndugu. Lakini anayelipeleka naye anafungwa. Atakachoahidi akiwa amelishika asipokitimiza, hakimwangukii yeye, kinaangukia watoto wake. Hivyo ndivyo bibi yangu alivyonifundisha. Ni jani la kuombea msamaha. Mimi nililichukua kwenda kufungulia kompyuta.

Nilimkuta Mektrida nyuma ya banda, anamkatia ng'ombe majani. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, akafuta mikono akanisalimia kwa heshima.

"Shikamoo, Mama Stella."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Karibu ndani."

Sikuingia. Niliogopa nikikaa nitashindwa. Nikatoa jani nikamnyooshea pale pale kwenye majani ya ng'ombe. Akalitazama muda mrefu, hakulipokea.

"Umenikosea nini?" akauliza.

"Sijakukosea."

"Sasa hilo la nini?"

Nikamweleza. Malori, polisi, Ijumaa, mtoto wangu mmoja. Nilikuwa nalia, na sikulia kwa ujanja, Mungu ananiona. Lakini mkono wangu ulikuwa umenyooka na jani, na yeye ameshaliona, na kwa kuwa ameshaliona hana njia. Nililijua hilo tangu ninalikata.

Akalipokea. Akakaa kwenye gogo.

"Zamani nilikuwa siitwi Mama Mary," akasema. "Mary ni wa pili. Nilikuwa na mkubwa wake, wa kiume. Alikuwa na miaka minne, akaenda mferejini kuchezea maji, siku ambayo zamu ya maji ilikuwa yetu na mfereji umejaa. Mimi nilikuwa hapa hapa. Nilimwita, akaitika. Nikamwita tena."

Ng'ombe anatafuna.

"Tulipomzika, Leo akasema jina lake lisitajwe tena kwenye boma hili. Akasema likitajwa atadhani anaitwa, atatoka mferejini aje. Watu wakaacha kuniita kwa jina lake, wakasubiri Mary azaliwe, wakaniita Mama Mary. Mimi nikatii. Miaka minane, sikulitaja hata kanisani. Sasa mwaka jana Sikukuu ya Noeli mume wangu alikunywa pombe ya mbege, akaniambia, kule mjini iko sehemu moja ninamwita kila tarehe moja, na nikimwita, kunafunguka." Akanitazama. "Mimi nimekatazwa. Yeye kumbe anamwita kwa vidole, kila mwezi, amefunga mlango."

Akaliweka lile jani mapajani.

"Kwa hiyo neno mnalolitafuta ni hilo. Jina la mwanangu. Sitalitaja." Akaenda jikoni, akarudi na kipande cha mkaa, akashika mkono wangu wa kulia akaandika kiganjani. Aliandika taratibu, herufi za mtu aliyeacha shule zamani kama mimi. "Mtoto wako aandike mwenyewe, peke yake, kwa vidole. Kisha alifute. Mdomo wa mtu usilitaje."

"Halitatajwa."

"Una watoto wangapi?"

"Huyo mmoja, Stella."

"Basi umeshika jani kwa huyo mmoja."

Nikateremka Kirua nimekunja ngumi. Njiani kulikuwa na manyunyu, nikaweka ngumi kwapani jina lisilowe. Mpaka leo sijui kwa nini sikulisoma nikaliweka kichwani, ni neno moja tu. Niliogopa kulisoma. Nilifika ofisini saa tisa, Stella akanipeleka chumba cha nyuma, nikamfunulia kiganja. Akaandika. Ile mashine ikalia kidogo kama mtu anayesafisha koo, ikafunguka.

Jioni ile ile malori yakapata karatasi. Zulfikar akamshika Stella mkono mbele ya wote akasema amemkosea kwa kumdhania. Akamfanya yeye ndiye msimamizi wa mashine, kwenye kiti cha Leodegar. Mimi nikanawa mkono kwa sabuni mara tatu, weusi wa mkaa ukabaki kwenye mistari ya kiganja siku mbili.

Kama tungeishia hapo, nisingeandika haya.

Wiki iliyofuata Stella alirudi nyumbani na mashaka. Bosi anataka neno la siri liandikwe. Amesema hataki tena ofisi yake ikae kichwani mwa mtu mmoja. Tena anataka neno hilo hilo moja lifungue mashine zote, na watu wote walijue, ili asifungiwe tena maisha yake.

"Nimemwambia ni jina la mtoto aliyekufa," Stella akasema. "Akasikitika kweli. Akasema Mungu amrehemu mtoto. Lakini akasema, Stella, malori yangu ni mazima. Mama, nifanyeje? Nimpe neno jingine?"

Hilo lilikuwa jibu zuri, wazazi wenzangu. Angeweka neno jingine yakaisha. Ila alikuwa bado anajifunza ile mashine kubwa, akaniambia anaogopa akibadilisha vibaya itajifunga tena. Nami niliposikia kujifunga tena niliona polisi.

Nikamwambia, "Mwandikie. Tuliahidi halitatajwa. Kuandika si kutaja."

Hilo ndilo kosa la pili, na ni langu, si la mtoto. Nilijidanganya nikijijua. Zulfikar akaliandika kwa kalamu nene kwenye karatasi, akalibandika ukutani juu ya simu. MELKIOR.

Sasa jina likiwa ukutani, ofisini kuna watu saba, na mashine zinasumbua, unadhani watu watanyamaza? Haikupita wiki. Nilikuwa nampelekea Stella chakula mchana, nikayasikia mwenyewe kwa masikio yangu.

"Melkior leo kagoma!"

"Mwite tena, huyo haskii mara moja."

Shedrack kwenye simu na mtu wa Holili, anapiga kelele kwa kuwa laini mbovu: "Melkior! Nasema Melkior! Ee, huyo huyo, mwamshe!"

Walicheka. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa hawajui. Stella aliwakataza, wakamwona anajifanya bosi. Nilimwambia Zulfikar, akasema atawaambia, akawaambia, wakaacha siku mbili. Mimi nikajipa moyo kwamba Kirua ni mbali.

Mwezi wa kumi na moja, Jumatano moja, nilifika na chakula nikamkuta Mektrida amekaa kwenye benchi la wageni. Alikuja kuchukua sweta na mwavuli wa mumewe vilivyobaki chumba cha nyuma. Alikuwa amevaa nguo nyeusi za msiba, mikono mapajani. Aliniona akainuka kidogo kunisalimia, na kabla hajafungua mdomo, Shedrack huko ndani akapiga meza.

"Melkior! Wewe Melkior! Njoo ufungue bwana, unachelewesha watu!"

Mektrida akageuza kichwa kuelekea mlangoni. Uso wake haukushtuka. Ningetaka ushtuke. Uso ulikuwa wa mama yeyote ambaye jirani anamwitia mtoto wake. Akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, ya kusikika uani:

"Anakuja. Ameenda mferejini."

Shedrack akatokeza mlangoni na kalamu sikioni, akamtazama, akatazama karatasi ya ukutani, akarudi nyuma. Ndipo Mektrida naye akaiona ile karatasi. Akaisoma. Midomo yake ilikwenda na herufi moja moja, haikutoa sauti. Stella alikuwa ameshatoka na sweta na mwavuli. Mektrida akavipokea, akasema asante, akapita mbele yangu akatoka. Shikamoo yake sikuipata, na tangu siku hiyo sijaipata tena.

Wazazi wenzangu, mtu akikulaani unajua la kufanya. Utakwenda kwa padre, utawaita wazee wa ukoo, utachinja, mtamaliza. Mimi nilisubiri kulaaniwa na sikulaaniwa. Kila asubuhi Stella akitoka nilimchungulia mpaka barabarani. Akikohoa, ni hilo. Akijikata na kisu, ni hilo. Siku moja alichelewa saa nzima kwa kuwa alipitia kwa rafiki, nikamkuta stendi nimevaa kandambili mbili tofauti. Akaniambia, "Mama utakufa wewe kabla yangu." Nikamziba mdomo.

Nikampelekea Zulfikar karatasi yake mwenyewe, nimeichana ukutani kwa mkono wangu. Hakunigombeza. Tangu siku ile naye alikuwa hapiti karibu na simu.

Jumapili Stella akaniambia anapanda Kirua peke yake. Nilitaka kwenda naye, akakataa. "Wewe ulikwenda na jani. Niache mimi niende mikono mitupu." Aliondoka baada ya misa, akarudi jua linazama, viatu vina tope jekundu la mferejini.

"Amesema nini?" nikamuuliza. "Amekulaani?"

"Hana neno na sisi."

"Hilo ndilo baya."

"Mama, sikiliza. Nilimwambia nimeshajifunza, kesho naondoa jina kwenye mashine zote, naweka jingine. Akasema kwenye zile ndogo niondoe. Kwenye ile kubwa nisiondoe. Akasema mume wake alimwita mtoto kila mwezi yeye akiwa amekatazwa. Sasa ni zamu yake."

"Zamu ya nini?"

"Ya kumwita. Nirudishe utaratibu wa zamani, wa mwezi mmoja mmoja. Tarehe moja atakuja yeye. Ataandika mwenyewe, na mbele ya jina ataongeza neno lake ambalo hata mimi sitaliona. Akishafungua, nitawapa watu ruhusa ya mwezi, basi anarudi nyumbani."

Hata mimi wa darasa la saba nilielewa. "Kwa hiyo ofisi yote anaishika yeye."

"Anaishika yeye."

"Na Zulfikar?"

"Zulfikar anajua ninaishika mimi."

"Stella, ukakubali?"

"Ungekuwa wewe ungemkatalia nini, mama?"

Tarehe moja ya mwezi wa kumi na mbili nilikwenda ofisini mapema, nikasema nimeleta chai. Mektrida alikuja saa mbili kamili na kikapu, amenyoosha kanga. Zulfikar akamwagizia kiti na chai ya maziwa. Mpaka leo anadhani anakuja kufanya usafi kwenye chumba cha mumewe na kumwombea, na anamheshimu sana kwa hilo. Aliingia chumba cha nyuma na Stella. Mlango haukufungwa vizuri, nikaona. Stella amegeukia ukutani kama mtoto aliyepewa adhabu. Mektrida ameketi mbele ya mashine, anatafuta herufi kwa kidole kimoja, akiipata anaibonyeza na kuiacha taratibu. Na alikuwa anaongea. Si maombi. Ni ile sauti ya asubuhi, ya kumwamsha mtoto ambaye hataki kuamka, unamvuta shuka kidogo, unamwambia kumekucha. Alimtaja kwa jina lake mara nyingi. Ilikuwa kama dakika kumi. Kisha nikasikia ile mashine ikisafisha koo.

Alipotoka macho yake yalikuwa makavu, na alikuwa kama mtu aliyetoka kunyonyesha. Akamwambia Stella, "Tayari." Mimi hakuniambia kitu.

Nimemsihi Stella mara nyingi. Nimemwambia, yule akishaifungua, wewe umo ndani, badilisha neno siku hiyo hiyo, nani atajua? Wape watu ruhusa ya miaka mia.

"Naweza," ananijibu. "Dakika moja tu."

"Sasa?"

"Sasa wewe umevunja ahadi moja, unataka nivunje na ya pili? Na mimi nitakuja kuzaa, mama."

Anabeba mkoba anakwenda kazini.

Hivyo ndivyo tulivyo, na huu ni mwaka wa tatu. Kazi ya mtoto wangu, na jina lake mbele ya Zulfikar na polisi, vimekaa kichwani mwa mwanamke mmoja wa Kirua ambaye nilimlazimisha kwa jani. Akiteleza kwenye mfereji, akipandwa na malaria, akiamua tu asubuhi moja kulala, ofisi inafungwa, na safari hii kweli aliyeifunga atakuwa Stella. Sijui kama Mektrida aliwaza hilo au alitaka tu kumwita mwanawe. Sijathubutu kumuuliza. Yawezekana hii ndiyo laana yenyewe na mimi naingoja bure.

Kwa hiyo nawaambia. Muulizeni mwenye funguo angali mzima, na muulizeni kwa adabu. Akikataa, mwacheni akatae, mtoto atapata kazi nyingine. Jani la isale liacheni mpakani. Na mkipewa neno la mtu, msijipe ruhusa ya kuandika mlilokatazwa kutaja.

Kila tarehe ishirini na nane nafunga genge mapema napanda Kirua. Nabeba sukari, sabuni, mara nyingine nyama, ili nisionekane nimekwenda mikono mitupu kuangalia kama mtu anapumua. Mwezi uliopita mvua ilikuwa kubwa, nilifika nimelowa, mlango umefungwa, ng'ombe kimya, moshi hakuna. Nikasimama uani. Sikuweza kuita. Ningeita jina gani? Mama Mary lipo, lakini niliogopa litanitoka mdomoni lile jingine, la mwanawe.

Halafu kutoka ndani ikaja sauti yake, haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyezoea.

"Bado nipo, Mama Stella. Teremka."